MF 265, 275 au 290? Namna ya kulinganisha matrekta ya zamani yanayofanana

Katika yadi za matrekta yaliyotumika, kuanzia Arusha na Morogoro hadi Nakuru na Eldoret, Massey Ferguson za aina tatu hukaa bega kwa bega: 265, 275 na 290. Boneti ni ile ile, wekundu ni ule ule, na dereva aliyezoea moja akihamia nyingine mkono wake unaijua gia bila kuitazama. Kwa macho, kinachozitofautisha ni stika ya ubavuni na bei. Muuzaji atakuambia 290 ndiyo yenye nguvu, na wanunuzi wengi huongeza mamilioni kwa ajili ya namba hiyo.

Ushauri wangu ni kwamba namba ya boneti iwe kitu cha mwisho kukushawishi. Matrekta ya ukoo mmoja yakishafikisha miaka 35 au 40, tofauti iliyowekwa na kiwanda huwa ndogo kuliko tofauti iliyoletwa na kazi, madereva na mafundi. Kwa hiyo unapolinganisha mawili, usiulize lipi ni kubwa. Uliza kila moja lina kasoro gani, na kasoro hizo ziko wapi. Kuna kasoro ambayo fundi anafungua bolti chache, anakitoa kifaa, mnakipeleka mjini kwa pikipiki na kurudi nacho. Na kuna kasoro ambayo haiguswi mpaka trekta litenganishwe katikati, injini huku na gia boksi kule. Hizo mbili hazilingani kwa gharama wala kwa muda, hata kama dereva akizieleza zinasikika sawa.

Anza na namba ya injini

Matrekta haya yalitengenezwa miaka ya 1970 na 1980, na mengi tuliyo nayo yalitoka kiwanda cha Banner Lane, Coventry, Uingereza, ambacho kilifungwa mwaka 2002. Injini zake ni Perkins. Kwa kawaida MF 265 ina Perkins 4.236, nguvu kama farasi 60. MF 275 na MF 290 zote mbili hutumia 4.248; ya kwanza inatoa karibu farasi 70, ya pili karibu 80. Kwa maneno mengine, anayekuambia 290 ina injini kubwa kuliko 275 anakosea. Ukubwa ni mmoja, nguvu ndiyo imepandishwa.

Namba hizo za Perkins zina maana. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, na zinazofuata ni ujazo kwa inchi za ujazo. 4.236 ni silinda nne, ujazo wa lita 3.9 hivi. 4.248 ni silinda nne, lita 4.1. Pistoni za injini zote mbili husafiri milimita 127; kilichopanuliwa ni tundu, kutoka milimita 98.4 hadi 101. Ndiyo maana kwa nje injini hizi hazitofautiani kabisa, na ndiyo maana mtu anaweza kukuuzia 290 yenye injini ya 265 ndani yake. Ukija kufanya ovaholi ukaagiza pistoni na silivu za 4.248, haziingii.

Dawa yake ni kuisoma namba iliyogongwa kwenye chuma cha bloku, upande wa kushoto, ule wenye pampu ya dizeli. Mara nyingi imezibwa na grisi na vumbi vilivyoshikana miaka. Nenda na kitambaa, dizeli kidogo na brashi ya waya, usugue mpaka herufi zionekane. Kwa injini zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1974, namba huanza na herufi mbili: LD ni 4.236, LF ni 4.248, na CE ni ile ya silinda tatu, 3.152, inayokaa kwenye MF 240. Herufi U katikati inaonyesha injini ilijengwa Uingereza. Herufi ya mwisho ni mwaka: A ni 1974, B ni 1975, na kuendelea hivyo hadi H ambayo ni 1981. Baadhi ya herufi kama I na O hurukwa.

Sasa simama mbele ya trekta lenye stika ya 290. Ukisugua ukakuta LD, umepata injini ya 265. Huenda bado ni nzima na inafanya kazi vizuri, lakini bei ya 290 haina msingi tena. Ukikuta trekta linalodaiwa kuwa la 1978 na injini inaishia na herufi ya miaka mitano baadaye, injini ilibadilishwa. Hilo si lazima liwe baya, ila aliyeibadilisha alilitenganisha trekta, na unataka kujua alilirudisha kwa uangalifu kiasi gani.

Jihadhari pia na namba zinazojirudia katika nchi tofauti. Kiwanda cha Millat cha Lahore, Pakistan, kinatengeneza Massey Ferguson zake, zikiwemo 240, 375 na 385, na nyingi zimefika Afrika Mashariki. MF 375 ya Lahore na MF 375 ya Coventry ni matrekta mawili yenye jina moja. Kabla ya kuagiza spea, mpe muuza spea namba ya injini na nchi lilikotengenezwa, usimpe jina la trekta peke yake.

Pima kazi yako kabla ya kupima trekta

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kugundua. Chukua plau la sahani tatu, linalokata upana wa mita 0.9 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, linafunika mita za mraba 4,500 kwa saa, ambazo ni zaidi kidogo ya ekari moja. Toa muda wa kugeuza, kujaza dizeli, kung'oa visiki vilivyonasa, ibaki kama asilimia 70. Unapata ekari 0.8 kwa saa. Plau la sahani mbili, upana wa mita 0.6, kwa hesabu hiyo hiyo linakupa nusu ekari na kitu kidogo.

Ukiwa na siku 30 za kulima kabla mvua haijakushinda, saa nane kwa siku, sahani tatu zitakupa ekari 185 hivi na sahani mbili ekari 125. Mwenye mashamba yake ya ekari 40 na majirani wachache anaowalimia hahitaji hata 265. MF 240 yenye silinda tatu itamtosha, itamnywea dizeli kidogo, na injini yake ni jamii ile ile ya MF 135 ya tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hakuna fundi wa trekta asiyeijua. Anayelimia wengine kwa ekari huko Kiteto, Hanang au Uasin Gishu, ambako mashamba ni mapana na msimu haungoji, huyo ndiye mwenye sababu ya kufikiria sahani tatu na farasi 70 kwenda juu.

Udongo nao una neno. Kwenye mbuga nyeusi, trekta jepesi lenye farasi wengi linazungusha matairi tu. Huko angalia tairi la nyuma kabla ya injini. MF 290 mara nyingi huvaa 18.4-30, na ukikuta limevalishwa matairi membamba ya trekta dogo kwa sababu yalikuwa rahisi kupatikana, sehemu ya farasi unaowalipia haitafika ardhini.

Siku ya kwenda yadini

Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika, kisha fika mapema kuliko mlivyopatana. Weka kiganja juu ya bloku. Ikiwa ya moto, imewashwa ili ikupokee vizuri. Subiri ipoe, hata kama ni saa mbili. Injini nzima ya Perkins katika joto letu inawaka kwa mizunguko michache ya stata, bila kusukumwa na bila dawa ya kupuliza kwenye mdomo wa hewa. Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Oili iliyozidi alama na yenye harufu ya dizeli ina maana dizeli inavuja ndani, mara nyingi kupitia kiwambo kilichochanika cha ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangi. Hiyo ni kasoro ya pikipiki: kifaa ni kidogo na bei yake ndogo. Lakini injini iliyozungushwa muda mrefu kwa oili iliyochanganyika na dizeli huenda tayari imekula bearingi, kwa hiyo usifurahie mapema.

Injini ikiwaka, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mwepesi si tatizo. Moshi unaopiga kwa mapigo, wenye nguvu ya kurusha kifuniko, unasema ringi zimechoka. Moshi wa bluu kwenye eksozi unasema jambo hilo hilo kwa mdomo mwingine. Mweusi ukiongeza mafuta ghafla ni wa kawaida ukikoma. Usipokoma, nozo au pampu haiko sawa, au chujio la hewa limeziba.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha kuwasha mara ya pili. Lifanyishe trekta kazi nusu saa, lipate moto wa kweli, lizime, subiri dakika kumi, liwashe tena. Nyingi za injini hizi zina pampu ya dizeli ya CAV ya mzunguko. Ikichakaa ndani, dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kuvuja pale ambapo ikiwa baridi ilibanwa, na injini inakataa kuwaka. Mafundi wanalijua hilo, na utamwona mmoja anachota maji baridi kwenye kopo na kumwagia pampu polepole. Baada ya muda injini inawaka kana kwamba haikuwa na shida. Ukiona kopo la maji limewekwa karibu na trekta linaloonyeshwa, umeshapata jibu. Pampu hiyo inatengenezeka. Inafunguliwa, inapelekwa kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, inarudi. Kata gharama yake kwenye bei na uendelee na mazungumzo.

Mita ya saa iache. Kwenye matrekta haya inaendeshwa na waya unaotoka injini, na waya ukikatika mita inasimama huku trekta likiendelea kulima miaka. Tazama badala yake mpira wa pedali ya klachi, matundu ya kufungia tela, na vichwa vya mikono ya kunyanyulia plau. Tundu lililokuwa duara likawa kama yai limevuta mizigo mingi sana.

Kilicho nyuma ya injini

Wanunuzi husikiliza injini kwa saa nzima kisha wanapita nyuma kwa dakika tano. Mimi ningefanya kinyume, kwa sababu huko nyuma ndiko ziliko kasoro za kutenganisha trekta. Haya matrekta hayana chasisi kama lori. Injini, gia boksi na difu vimefungwa kimoja kwa kingine, na vyenyewe ndiyo uti wa mgongo.

Pita na tochi chini ya maungio. Pale injini inapokutana na gia boksi kuna tundu dogo chini, na linatakiwa liwe kavu. Likidondosha oili nyeusi, sili ya nyuma ya krenkshafti imechoka. Likidondosha oili ya rangi ya asali, ni sili ya shafti ya gia boksi. Vyovyote iwavyo, kubadilisha sili ya bei ndogo kunahitaji trekta lipasuliwe katikati, na oili hiyo inailowanisha klachi. Angalia pia kama bolti za maungio zina alama za kulegea, kutu nyekundu inayochuruzika au rangi iliyopasuka kwenye mstari.

Klachi ijaribu ukiwa na shafti ya nyuma, ile ya PTO, inazunguka. Kwenye zenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga nusu trekta linasimama na PTO inaendelea; ukikanyaga hadi mwisho PTO nayo inasimama. Hatua hizo zikichanganyika, klachi inakaribia mwisho au imefungwa vibaya.

Gia boksi inaweza kuwa ya gia 8 za mbele, au ya gia 12 yenye Multi-Power, ambayo inakuwezesha kubadilisha mwendo wa juu na wa chini bila kukanyaga klachi. Matrekta mawili yanayofanana kwa kila kitu yanaweza kutofautiana hapa, na muuzaji asilitaje. Multi-Power nzima ni raha shambani. Ikichoka, trekta linasita au linakosa nguvu ukiiweka juu huku likivuta, na matengenezo yake ni ya ndani kabisa. Hatari kubwa zaidi iko milimani. Multi-Power ikiwa chini, injini haishiki trekta kwenye mteremko. Linajiachia kama baiskeli iliyoachwa kukanyagwa, na ukiegesha, gia peke yake haitalizuia. Kwa mtu wa Lushoto, Mbulu au Elgeyo Marakwet anayeshuka na tela la mahindi, ningesema wazi: chukua la gia 8. Kama huna la kuchagua, dereva afundishwe kuiweka juu kabla ya kushuka, na breki zikaguliwe kuliko kitu kingine chochote. Uhai wa mtu uko hapo.

Haidroliki ina kipimo rahisi. Funga plau zito, linyanyue, acha injini ikiwaka, usimame pembeni. Mikono ikikaa imetulia, vizuri. Ikitikisika juu na chini kama inayopumua, kuna uvujaji wa ndani: plau linashuka kidogo, mtambo unalirudisha, linashuka tena. Zima injini uone linashuka kwa kasi gani. Kushuka taratibu kwa muda mrefu si tatizo. Kufika chini ndani ya dakika moja ni tatizo. Hakikisha hakuna mtu wala mguu chini ya plau wakati wa kipimo hiki. Kisha angalia oili ya huko nyuma, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya gia boksi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, kwa kawaida kupitia mpira wa mkono wa gia uliopasuka.

Lililotoka Uingereza na lililokuwa hapa

Trekta lililoletwa moja kwa moja kutoka Uingereza kwa kawaida halijalima udongo wetu, na injini yake huwa na hali nzuri. Lakini kama lilikuwa la shamba la ng'ombe, huenda limebeba kijiko cha mbele miaka mingi. Tafuta matundu ya bolti na mikwaruzo pembeni mwa injini pale kijiko kilipofungwa. Ukiyaona, nyanyua ekseli ya mbele kwa jeki, utikise magurudumu na pini ya katikati, na urudie kuangalia yale maungio. Huko pia wakulima walijaza maji yenye chumvi ya kalsiamu kwenye matairi ya nyuma ili kuongeza uzito bila kuganda kwa baridi. Chumvi hiyo inakula rimu kuanzia kwenye tundu la kujazia upepo, kwa hiyo rangi mpya kwenye rimu isikuzuie kukwangua kidogo na ncha ya bisibisi.

Mengi huja na kibanda cha chuma na vioo, na joto letu hufanya mtu atamani kukikata chote. Ondoa milango na vioo, nguzo na fremu ziache. Ndizo zinazomlinda dereva trekta linapopinduka. Kati ya mawili yanayolingana, lenye fremu nzima lina thamani zaidi, hata kama soko halisemi hivyo.

Lililokuwa hapa linakuja na faida ya kuulizika. Uliza lilikuwa linalima wapi, nani alikuwa dereva, fundi wake ni nani, kisha ongea na fundi huyo.

Baada ya hayo yote, weka kasoro za kila trekta katika safu mbili, za kubebeka na za kupasua. Tuseme 275 ina pampu iliyochoka, nozo mbovu na betri iliyokufa, na 290 ya jirani yake inawaka vizuri sana ila Multi-Power inasita na mikono ya plau inapumua. Sokoni, 290 itaonekana ndiyo bora kwa sababu inawaka. Mimi ningechukua 275 bila kusita, kwa masharti kwamba gharama ya pampu inatoka kwenye bei. Farasi kumi wa ziada hawalipi msimu mmoja ambao trekta limelala limepasuliwa nusu likisubiri spea.

Mkishapatana, linganisha namba ya chasisi na kadi ya usajili, au logibuku kama uko Kenya, na kwenye mkataba andika namba ya injini nzima pamoja na herufi za mwanzo na ya mwisho. Andika pia namba ya pampu ya dizeli na saizi za matairi. Siku ya kuja kulichukua, zisome zote upya kabla ya kumaliza malipo, kwa sababu pampu nzuri, betri mpya na matairi mazima ni vitu vinavyoweza kuhamishiwa kwenye trekta jingine katika usiku mmoja.